NAM JUNE PAIK: MJA ALIYEITIA RUNINGA WAZIMU

Msomaji mpenzi, hebu kumbuka siku ile mlipokuwa nyumbani mkitazama kandanda, dakika za lala salama, mara picha ikaganda. Uso wa mchezaji ukakatika miraba miraba, mguu ukabaki kule na mpira huku, kijani cha uwanja kikamwagikia mashabiki. Baba akaguta. Kaka mkubwa akatumwa nje kuugeuza mlingoti. Kila mtu sebuleni alikuwa na ombi moja tu, picha irudi ilivyokuwa.

Sasa nikikwambia kwamba kulikuwa na mtu aliyeyatoa maisha yake kuiharibu picha ya runinga kwa makusudi, tena akatunukiwa tuzo na kualikwa na marais, si utasema natia chumvi? Basi tega sikio. Mtu huyo aliitwa Nam June Paik.

Paik alizaliwa tarehe 20 Julai 1932 mjini Seoul, nchini Korea. Wakati huo Korea nzima ilikuwa chini ya ukoloni wa Japani. Alikuwa kitinda mimba katika jamaa ya watoto watano, na hakuzaliwa kwenye dhiki. Baba yake alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo. Nyumbani kulikuwa na piano, na kijana huyu alifundishwa kuicheza na hata kutunga muziki tangu akiwa shuleni. Yaani angalikuwa mtoto wa tabaka lile ambalo huku kwetu huletwa shuleni kwa gari.

Lakini dunia ni rangi rangile. Mwaka 1950 Vita vya Korea vikalipuka. Jamaa ya Paik iliacha mali, ikaacha nyumba, ikatoroka kuokoa roho na hatimaye ikatua Japani, nchi ile ile iliyokuwa imewatawala. Paik alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Hakuiona tena ardhi ya Korea hadi mwaka 1984. Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe: ni miaka thelathini na minne ugenini. Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu wengi humwona Paik kama mchekeshaji tu, mtu wa visanga. Mimi naona kwamba mtu aliyekwisha kuona nyumba yao nzima ikipotea kwa siku chache haogopi sana kuona kifaa kikivunjika.

Huko Japani alisoma katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akahitimu mwaka 1956. Tasnifu yake ilimhusu Arnold Schoenberg, mtunzi aliyeuvuruga muziki wa Ulaya kwa kuzikataa kanuni za zamani za kupanga sauti. Mwaka huo huo alifunga safari kwenda Ujerumani Magharibi kuendelea na masomo ya muziki. Alisomea Munich, kisha Freiburg. Alikuwa akielekea kuwa profesa wa heshima, mwenye miwani na tai. (Hiyo tai ikumbuke, tutairudia.)

Mambo yaligeuka mwaka 1958 alipokutana na John Cage, mtunzi Mmarekani, katika mji wa Darmstadt. Cage alikuwa na tabia ya kuchomeka misumari, skrubu na vipande vya mpira katikati ya nyuzi za piano ili itoe sauti ambazo aliyeiunda hakuzikusudia. Pia aliamini kwamba kelele nayo ni muziki, ukikubali kuisikiliza. Paik alipomsikia alikuwa kama mtu aliyefumbuliwa macho. Kuanzia hapo uprofesa ukaingia mashakani.

Lo! Alianza vituko. Mwaka 1960, katika tamasha dogo mjini Cologne, Paik aliacha piano aliyokuwa akiicheza, akashuka hadi walipoketi watazamaji, akamwendea Cage mwenyewe na kuikata tai yake kwa mkasi. Halafu akammwagia shampuu kichwani! Kisha akatoka nje ya ukumbi. Watu walibaki wameduwaa, wasijue kama wacheke au wakimbie, hadi simu ilipolia: alikuwa Paik akiwaarifu kwamba onyesho limekwisha. Cage hakukasirika, waliendelea kuwa marafiki hadi kifo. Sijui kama kuna mwalimu hapa shuleni angelipokea jambo hilo kwa moyo mkunjufu vile, na sipendekezi mtu ajaribu.

Katika miaka hiyo hiyo alijiunga na kikundi cha wasanii kilichoitwa Fluxus, chini ya George Maciunas. Hawa walikuwa watu wa kubeza sanaa ya majumba makubwa. Mwaka 1962 Paik alisimama jukwaani, akainua fidla polepole, polepole kabisa, kisha akaipasua juu ya meza kwa pigo moja. Huo ndio uliokuwa muziki wenyewe.

Basi hapo ndipo tunapofika kwenye runinga. Paik alikuwa amefanya kazi katika studio ya muziki wa kielektroniki ya redio ya Cologne, ambako watunzi waliunda sauti kwa mitambo. Akajiuliza: ikiwa umeme unaweza kutengeneza sauti mpya, kwa nini usitengeneze picha mpya? Hakumwambia mtu. Alikodi chumba nje ya mji, akanunua runinga kuukuu, akanunua na vitabu vya ufundi, akajifungia humo kwa muda wa kama mwaka mmoja akizichokonoa nyaya. Hebu fikiri, msomi wa muziki na digrii zake, amepiga magoti nyuma ya runinga iliyofunguliwa huku umeme ukimtisha! Kifaa kile huweka umeme mkali ndani hata baada ya kuzimwa.

Mwezi Machi 1963 alizifungulia milango katika nyumba ya maonyesho iitwayo Galerie Parnass, mjini Wuppertal. Juu ya mlango alitundika kichwa halisi cha ng'ombe, na polisi wakaja kukiondoa. Ndani kulikuwa na piano nne zilizofungwa makorokoro ya kila aina. Msanii Joseph Beuys aliishambulia mojawapo kwa shoka usiku wa ufunguzi. Na kulikuwa na runinga 13, kila moja ikiwa na ugonjwa wake. Ujerumani Magharibi wakati huo ilikuwa na stesheni chache mno za runinga, tena matangazo yake yalikuwa hasa ya jioni. Kwa hivyo runinga zote zilipokea kipindi kimoja, lakini hakuna mbili zilizokionyesha sawa. Hii ilikigeuza nyeupe kuwa nyeusi. Ile ilikizungusha kama chapati. Nyingine ilikuwa na kipaza sauti. Ukisema neno, madoa ya nuru yalilipuka kwenye kioo kulingana na sauti yako. Mtazamaji aliyezoea kuketi na kulishwa sasa aliweza kujibu.

Kwa maoni yangu runinga iliyo bora kati ya hizo zote ni ile iliyoharibika yenyewe. Ilipokuwa ikisafirishwa ilipata hitilafu, ikawa picha yote imejikunja na kubaki mstari mmoja mwembamba wa nuru katikati ya kioo. Mwingine angalimwita fundi, au angaliitupa. Paik aliilaza ubavu, mstari ukasimama wima, akaipa jina Zen for TV. Watu walisimama mbele yake kimya kana kwamba wako kanisani. Hapo ndipo penye tofauti baina ya ajali na sanaa: hitilafu ilikuja bila kuitwa, lakini aliyeamua kwamba hii ikae, tena ikae hivi, ni binadamu.

Biashara je? Hamna. Runinga zile zilimla fedha, na magazeti hayakujali sana. Alikwenda Japani, akakutana na mhandisi Shuya Abe, fundi mwenye subira ambaye alimsaidia kwa miaka mingi. Pamoja waliunda roboti iliyotembea na kutoa sauti, wakaiita K-456, kwa kufuata nambari ya tungo moja ya piano ya Mozart. Mwaka 1964 Paik alihamia New York, na huko ndiko alikofanya makao.

Kazi iliyompa jina zaidi ni ya mwaka 1965, Magnet TV. Ukiitazama utacheka kwa urahisi wake. Ni runinga ya nyeupe na nyeusi, na juu yake sumaku kubwa ya kiwandani yenye umbo la kwato la farasi. Basi. Lakini kwenye kioo, badala ya mtangazaji, kumejikunja umbo la nuru kama utando wa buibui au kama ua linalofunuka. Ukiisogeza sumaku, umbo nalo linasogea.

Wenzangu wa Fizikia wanaijua siri. Runinga za zamani, zile zenye kisogo kirefu, zilikuwa na bomba la kioo lisilo na hewa. Nyuma yake kulikuwa na kifaa kilichorusha elektroni kwenda mbele, na elektroni zikigonga kioo, unga uliopakwa ndani uling'aa. Koili za sumaku ziliuvuta mshale huo wa elektroni kushoto na kulia, juu na chini, mstari baada ya mstari, mistari 525 kwa kila picha huko Marekani, tena picha 30 kwa sekunde. Jicho halikuwahi kuiona mbio hiyo, liliona sura ya mtu tu. Sasa Paik alipoweka sumaku yake kubwa juu, mshale ulivutwa na mabwana wawili: koili zikisema huku, sumaku ikisema kule. Stesheni ilikuwa bado inatuma habari zake kama kawaida. Ni njia ya kufika ndiyo iliyopindishwa.

Kuna hadithi maarufu kwamba tarehe 4 Oktoba mwaka huo, Papa Paulo wa Sita alipozuru New York, Paik alinunua kamera ya video ya kubebwa ya kampuni ya Sony, akapiga picha za msafara kutoka ndani ya teksi, na usiku huo huo akazionyesha katika mkahawa wa Cafe Au Go Go. Husemwa kwamba hapo ndipo sanaa ya video ilipozaliwa. Onyesho la mkahawani lilikuwapo kweli. Lakini kamera inayotajwa haikuwa imeanza kuuzwa Marekani wakati huo, na wataalamu bado wanavutana. Nimeona heri niiseme na shaka yake kuliko niwalishe kasa.

Sitakaa sana kwenye miaka iliyofuata, ingawa ilijaa mambo. Mwaka 1967 polisi wa New York walilivunja onyesho lake na mwenzake mpiga selo Charlotte Moorman, wakamkamata Moorman kwa kukosa mavazi ya kutosha. Mwaka 1970 yeye na Abe waliutumia mtambo waliouunda, wa kuchanganya na kupaka rangi picha za kamera, kurusha kipindi cha saa nne hewani kutoka kituo cha WGBH mjini Boston. Mwaka 1974 aliiweka sanamu ya Buddha mbele ya runinga iliyoonyesha Buddha huyo huyo akijitazama. Mwaka huo huo aliandika ripoti akiwaza barabara kuu ya kielektroniki itakayounganisha watu wa mbali. Sisi tunaotuma picha kwa simu leo tunaipita barabara hiyo kila siku bila kumjua aliyeiota. Mwaka 1977 alimwoa Shigeko Kubota, msanii wa video aliyekuwa na jina lake mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye ile miraba ya mpira, maana wanachama wengi waliniuliza tulipojadili makala hii: je, sumaku ya Paik inafanya kazi kwenye runinga bapa za siku hizi? Haifanyi. Hakuna mshale wa elektroni wa kupinda. Lakini wajukuu wa Paik, kwa sanaa namaanisha, wamepata mahali pengine pa kuingiza kidole: faili lenyewe la video.

Jambo lenyewe liko hivi. Video ya tarakilishi haihifadhi kila picha nzima, maana ingekuwa nzito kupindukia. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha zinazofuata hueleza tu kilichosogea: kipande hiki kimekwenda kulia, kile kimeshuka. Ni sawa na karani wa darasa anayeandika majina yote Jumatatu, kisha siku nyingine aandike tu nani amehama dawati. Basi msanii huchukua nakala ya video (nakala, si ile halisi!), akaifuta ile fremu kamili inayoanzisha tukio jipya. Mashine haijui. Inaendelea kutii maagizo ya mwendo, ila inayatumia kwenye picha ya tukio lililopita. Matokeo yake ni mtu anayetembea akiwa amevaa ngozi ya mlima, au uso unaotokea ndani ya moto kwa kuusukuma moto wenyewe. Wengine huirudia fremu moja ya mwendo mara nyingi hadi rangi zichuruzike. Wengine hulifungua faili kama maandishi na kubadilisha herufi huku na kule. Hao nao hujifunza haraka kutogusa mwanzo wa faili, kwa sababu hapo ndipo penye maelezo ya faili ni la aina gani, na ukipaharibu halifunguki kabisa. Mwaka 2005, Takeshi Murata alitoa kazi iitwayo Monster Movie iliyotengenezwa kwa kuyeyusha picha za filamu kwa namna hii, na kufikia mwaka 2009 mtindo huo ulikuwa umeingia hata kwenye video ya mwanamuziki Kanye West. Ukiitazama utaikumbuka sumaku: habari ni zile zile, njia imepindishwa.

Mwalimu wetu mlezi alitutupia swali ambalo halijanitoka akilini: kuharibu si kuharibu tu? Mtoto wa miaka miwili pia huharibu. Tulibishana hadi kengele. Upande wangu ni huu: mtoto hawezi kukuonyesha kile kile tena kesho. Paik aliweza. Alikaa mwaka mzima akijifunza runinga inavyofanya kazi ikiwa nzima ndipo akajua mahali pa kuiumiza. Wenzangu wengine wanashikilia kwamba ni ubadhirifu wa vifaa, na fidla ile ya 1962 kwa kweli sina jibu lake.

Tarehe 1 Januari 1984 Paik alifanya jambo kubwa kupita yote. Kwa setilaiti aliziunganisha New York na Paris katika kipindi kimoja cha moja kwa moja, Good Morning, Mr. Orwell, akimjibu mwandishi George Orwell ambaye riwaya yake ilikuwa imeuchora mwaka 1984 kuwa mwaka wa runinga kuwapeleleza watu. Cage alikuwapo, Beuys alikuwapo, wanamuziki chungu nzima. Mitambo ilikwama hapa na pale, mawasiliano yakakatika. Wakuu wa stesheni walitokwa jasho, lakini Paik aliyapokea makosa hayo kwa furaha, akaona ndiyo yaliyokithibitisha kipindi kuwa hai. Kipindi kilionekana hadi Korea, na mwaka huo huo akarudi nyumbani kwa mara ya kwanza. Aliondoka mkimbizi, akalakiwa shujaa.

Kwa ajili ya mwaka wa Olimpiki ya Seoul, 1988, aliwajengea mnara wa runinga 1003 katika jumba la taifa la sanaa huko Gwacheon, kwa kuikumbuka tarehe 3 Oktoba, siku ya kuasisiwa kwa taifa lao. Mnara una urefu wa zaidi ya mita 18. Na hapa kuna kinaya, wapenzi wa fasihi mtanielewa. Runinga hizo zilizeeka, zikaanza kuharibika moja moja, safari hii bila idhini ya msanii. Mwaka 2018 ikabidi mnara uzimwe kwa kuhofia moto. Mafundi walihangaika kutafuta vipuri ambavyo havitengenezwi tena popote. Ulipowashwa tena mwaka 2022, runinga 737 zilikuwa zimefufuliwa, na 266 zilikuwa zimebadilishwa kwa vioo bapa. Mtu aliyesifika kwa kuvunja aliwaachia wenzake kazi ya kuunga.

Sifa zilimfuata: Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 1993, Tuzo ya Kyoto mwaka 1998. Mwaka 1995 alitengeneza ramani ya Marekani kwa runinga 336 na taa za neoni, na imo Washington hadi leo. Lakini mwaka 1996 alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Mkono wa mpiga piano! Hakuacha kazi. Mwaka 1998 alialikwa Ikulu ya Marekani kwenye karamu ya rais wa Korea, na aliposimama kumsalimu Rais Bill Clinton, suruali ikamporomoka hadi chini mbele ya kamera zote. Mpaka sasa watu hawajaamua kama ilikuwa ajali ya mgonjwa au onyesho la Fluxus.

Nam June Paik aliaga dunia tarehe 29 Januari 2006 mjini Miami. Alikuwa na miaka 73. Katika mazishi yake mjini New York waombolezaji waligawiwa mikasi. Kila mmoja alimgeukia jirani yake akaikata tai yake, na wakapita mmoja mmoja wakivilaza vipande vile juu ya mwili wa marehemu ndani ya jeneza.